Fundi, Akiuliza Sema Ni Ile Ile ya Zamani

Siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya baiskeli ya bei kubwa aijuaye fundi, maana ndiye anayeitoa kwenye boksi, ndiye anayebandua karatasi ya bei, na ndiye anayeagizwa mlangoni: "Fundi, mke wangu akipita akauliza, sema ni ile ile ya zamani, umeisafisha tu ikang'aa."

Nimeagizwa hivyo na watu wa kila aina. Wapo wanaosimamia fedha za ofisi nzima, lakini nyumbani hawathubutu kutamka bei ya magurudumu mawili. Na si wanaume peke yao. Mama mmoja, mwendeshaji hodari kuliko wengi wanaokuja kwangu, alinunua baiskeli mpya ya kampuni ile ile, rangi ile ile, saizi ile ile na aliyokuwa nayo, akanisihi nihamishe kengele, kishikio cha chupa na kiti chake kilichochubuka pembeni. Kiti chenyewe kilikuwa kikimuumiza siku zote. Lakini mumewe alikifahamu, basi kikahamia.

Mbinu hazizidi nne au tano, na ukikaa kwenye kazi hii unazitambua kabla mteja hajamaliza kusalimia. Kubwa kuliko zote ni rangi nyeusi. Fremu nyeusi isiyong'aa, yenye jina la kampuni lililoandikwa kwa weusi juu ya weusi, ni zawadi ya watengenezaji kwa wenye siri. Unaweza kuwa nazo tatu, na mtu asiyependa baiskeli akaapa kwamba ni moja inayohamishwa hamishwa. Halafu kuna kununua kipande kipande: leo usukani, mwezi ujao magurudumu, baadaye gia, mpaka kilichobaki cha baiskeli ya zamani ni fremu tu, na fremu nayo inabadilishwa kwa kuwa "imechoka". Mtu huyo anaweza kushika msahafu na kuapa kwamba hakuna siku baiskeli mpya iliyoingia nyumbani kwake, na hatakuwa amesema uongo.

Yupo pia yule rafiki aliyeacha kuendesha. Ukisikiliza wateja, rafiki huyu ndiye anayewauzia watu nusu ya baiskeli nzuri duniani, tena kwa bei ya kutupa, kwa sababu goti lake limeharibika. Sijawahi kukutana naye.

Wengine hawaifikishi nyumbani kabisa. Inalala kwangu, kwenye ndoano, na mwenyewe huja alfajiri na ya bei nafuu, anaiacha, anapanda ile nyingine, na kabla ya saa tatu amesharudi kuzibadilisha. Na wapo wanaotaka risiti mbili, moja ya kweli na moja ya kuwekwa mezani nyumbani. Hilo sifanyi na sikuwahi kulifanya. Kunyamaza ni hiari yangu, lakini siandiki uongo kwa mkono wangu na kuugonga muhuri wangu.

Yote haya yanawezekana kwa sababu bei ya baiskeli haionekani kwa macho. Kwa miaka mingi Shimano, kampuni ya Japani inayotengeneza gia na breki, imepanga vifaa vyake vya baiskeli za barabarani kwa ngazi: Claris, Sora, Tiagra, 105, Ultegra, na juu kabisa Dura-Ace. Jina limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye mkono wa pedali, na asiyejua hawezi kubaini kwamba neno hilo dogo ndilo lililozidisha gharama mara kadhaa. Ukizipanda, tofauti ya ngazi ya juu kabisa na ile inayoifuata ni ndogo mno. Unacholipia zaidi ni gramu na umaliziaji.

Na gramu zenyewe zina hesabu yake. Chukua mwendeshaji wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 8. Ukipunguza kilo nzima kwenye baiskeli, jambo ambalo kwenye ngazi za juu hugharimu kuliko baiskeli kamili ya mtu mwingine, umepunguza kama asilimia 1.2 ya mzigo wote. Kwenye mlima wa saa moja unaokoa kama sekunde 40. Chupa ya maji ya mililita 750 ikijaa ina robo tatu ya kilo, kwa hiyo ukiyanywa mapema umepata sehemu kubwa ya nafuu hiyo bila kumdanganya mtu. Hata wanaolipwa kwa kuendesha wana mpaka wao: tangu mwaka 2000 shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, haliruhusu mashindanoni baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8.

Mteja akianza kuniambia kwamba bila mtambo mpya hawezi kwenda mbele, humkumbusha Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli wa Ubelgiji. Mwaka 1972, huko Mexico City, aliendesha kilomita 49.431 kwa saa moja juu ya baiskeli ya kawaida yenye spoku na usukani uliopinda. Mwaka 2000 Mwingereza Chris Boardman alijaribu rekodi hiyo mjini Manchester kwa baiskeli ya namna ile ile, kama kanuni za wakati huo zilivyodai, akafika kilomita 49.441. Miaka 28 ya mazoezi ya kisasa, chakula cha kisasa na maabara ilizaa mita 10. Ni kweli Merckx alisaidiwa na hewa nyepesi ya mahali palipo juu ya mita 2,200, na mashabiki watabishana kuhusu hilo hadi usiku. Hata hivyo, mita 10.

Wananisikiliza, wanacheka, wananunua. Sina neno. Furaha ni sababu halali ya kutumia fedha, na mimi nakula kwa sababu watu wanaipenda furaha hiyo. Ninachokipinga ni lile jibu ninalopewa kila nikiuliza kwa nini hakumwambia mwenzake: "Hataelewa." Kwa jinsi nilivyowaona hao wenzao, wangeelewa vizuri sana. Wangeuliza swali moja tu: kilo hiyo inakusaidia nini? Na swali hilo ndilo linalokimbiwa, kwa sababu mwenye baiskeli hajajijibu mwenyewe. Wale wenye jibu, hata jibu la kitoto kama "naipenda, basi", sijawaona wakificha.

Siri zenyewe huvuja mahali ambapo mtu hakupategemea. Kitovu cha gurudumu la nyuma kina meno ndani yake, yanayoshika unapokanyaga pedali na kuachia unapopumzika. Yakiachia yanapiga kelele. Kwenye baiskeli ya kawaida meno ni machache na mlio ni wa taratibu, tik, tik, tik. Vitovu vya gharama vina meno mengi ili vishike haraka: watengenezaji DT Swiss wana pete za meno 18, 36 na 54, na wenzao Chris King hutumia 72. Ukiacha kukanyaga, unasikia kundi la nyuki likiingia uani.

Mteja wangu mmoja alibadilisha magurudumu kwa uangalifu mkubwa. Rimu nyeusi kama za mwanzo, tairi zile zile za zamani zikarudishwa, hata matope kidogo tukayaacha. Jioni akarudi nyumbani, na mkewe aliyekuwa ndani akatoka kuangalia ni mgeni gani amefika. Kwa miaka yote alikuwa akimjua mumewe kwa mlio wa gurudumu, na jioni ile mlio haukuwa wake. Mama yule hakujua tofauti ya spoku na cheni, lakini alijua mumewe anavyosikika akifika. Watu hudhani wakishayadanganya macho wamemaliza.

Kesho yake jamaa akaja mbio, anataka nikijaze kitovu grisi nzito kizimike sauti. Nikakataa. Grisi nzito huyanatisha yale meno yasishike kwa wakati, na siku ukisimama juu ya pedali kupanda mlima, mguu unateleza na kifua kinaishia kwenye usukani. Nilimweleza hivyo, naye akafikia uamuzi ambao sikuutarajia: magurudumu ya zamani siku za kazi, ya gharama yakae kwangu yasubiri mashindano. Nikayatundika kando ya ya wenzake.

Gia za umeme nazo zimewaumbua wengi. Tangu Shimano ilipotoa Dura-Ace Di2 mwaka 2009, kuhamisha gia ni kubonyeza kitufe, na betri yake inataka chaji. Jaribu kumweleza mtu kwa nini baiskeli ya zamani inachomekwa ukutani.

Lakini kinachowachosha zaidi wenye siri ni kwamba bei ile haikwishi siku ya kununua. Cheni inalika. Kwa mifumo ya gia 11 na 12 tunaibadilisha ikishavutika kufikia asilimia 0.5, maana ukiiacha inayala meno ya gia za nyuma, na seti hiyo kwenye ngazi za juu ni ghali mara nyingi kuliko cheni yenyewe. Mwenye baiskeli ya wazi anakuja, anabadilisha cheni, anakwenda zake. Mwenye siri anachelewa, kwa sababu kila manunuzi anapaswa kuyapenyeza upya. Anasubiri mshahara wa pembeni, anasubiri mwenzake asafiri. Akifika kwangu, cheni, gia za nyuma na meno ya mbele vyote vimekwisha, na sasa ana bei kubwa zaidi ya kuficha. Nimewaona wengine wakifika mahali wanaichukia baiskeli waliyoitafuta kwa miaka.

Kuna jamaa mwingine ambaye habari yake naisimulia mara nyingi, maana yeye angeweza kuumia. Alikuwa na fremu ya kaboni, nyepesi kweli, na nyumbani alisema ni ya alumini ya bei ya kawaida. Siku moja familia ikasafiri kwa gari, yeye akatangulia. Mkewe, kwa wema wake, akaamua kumbebea baiskeli. Akaiweka kwenye kibebeo cha nyuma ya gari, akaikaza kwa kibano juu ya bomba la juu, akakaza sana isidondoke njiani. Kwa baiskeli aliyoambiwa kwamba anaibeba, alifanya sawasawa.

Bomba la juu la fremu ya kaboni ni jembamba mno kwa kuta zake. Hubeba uzito wa mwendeshaji bila shida, kwa sababu nyuzi zimepangwa kupokea nguvu zinazotoka upande huo, lakini halikutengenezwa kuminywa. Ndiyo maana hata kwenye stendi yangu baiskeli hubanwa kwenye nguzo ya kiti, na ndiyo maana bolti nyingi za kaboni hukazwa kwa spana ya kupimia mkazo, mara nyingi isizidi Nm 5. Jamaa aliiona alama ndogo kwenye rangi, kama mkwaruzo. Akaniletea. Nikaligonga bomba kwa sarafu kuanzia mwisho mmoja: sauti kali, sauti kali, na pale penye alama ikageuka butu. Ndani nyuzi zilikuwa zimeachana.

Hakuwa na wa kumlaumu, wala hakuthubutu kulalamika. Na alichotaka kufanya ndicho kilichonitisha: kuendelea kuiendesha. Kupeleka kutengenezwa ni fedha na ni maelezo, kununua fremu nyingine ni fedha zaidi na maelezo zaidi, kwa hiyo aliona heri kukaa juu ya bomba lililopasuka na kushuka mlima kwa kasi ya gari. Nikamwambia sitaifunga tena mpaka ipite kwa fundi wa kaboni, kwa sababu nyufa za namna hiyo hutengenezeka zikikutana na mtu anayezijua. Tukabishana. Akaondoka na hasira, akaniachia baiskeli.

Aliyekuja kuichukua ilipotengenezwa alikuwa mkewe. Sijui alielezwa vipi wala kwa maneno gani. Alilipa, akaizunguka, akaniuliza: "Fundi, nionyeshe mahali pasipobanwa." Nikamwonyesha. Akaomba na chaki, akajiwekea alama kwenye kibebeo.

Nilipomwona akichora ile chaki ndipo nikaona vizuri jambo lililokuwa likinisumbua kwa muda. Bei ni habari. Inamwambia aliye nyumbani jinsi ya kukishika kitu, kukifungia, kumkopesha au kutomkopesha jirani, kukiandikisha kwa bima. Ukiificha unamfanya mwenzako afanye makosa kwa nia njema. Bima ni mfano mzuri: mikataba mingi ya vitu vya nyumbani huweka kikomo kwa kila kitu kimoja, na kilichozidi hapo lazima kitajwe peke yake, kwa thamani yake na namba yake. Namba hiyo kwa kawaida imegongwa chini ya fremu, mahali mikono ya pedali inapopita. Nina wateja walioibiwa baiskeli wakanyamaza kimya, wakalipwa kidogo au wasilipwe kabisa, kwa sababu karatasi za kudai zilihitaji sahihi za watu wawili.

Waendesha baiskeli wana utani wao wa siku zote: hofu yangu kubwa ni kwamba nikifa mke wangu ataiuza kwa bei niliyomwambia. Nilikuwa nikicheka pamoja nao. Siku hizi nakwenda kutafuta spana.

Mama mmoja aliyefiwa alikuja akiisukuma baiskeli ya mumewe. Alitaka niikague tu, kwa kuwa jirani alishajitolea kuinunua kwa bei ile ile aliyolipa marehemu, hata hakuomba punguzo, na mama alimwona kuwa mtu muungwana. Akanitajia bei. Ilikuwa pungufu ya bei ya magurudumu peke yake. Jalada la ankara za mteja yule lilikuwa kwenye rafu nyuma yangu, na baiskeli yake ya pili ilikuwa kwenye ndoano juu ya vichwa vyetu.

Sina hakika kuna namna nzuri ya kulisema jambo kama hilo. Nilimwambia: "Mama, usiiuze leo," nikamvutia kiti, nikamwekea ankara mezani. Alizisoma zote bila kunitazama. Kisha nikamwonyesha juu. Alianza kwa kucheka, kicheko cha kweli, akasema alijua tu kwamba yule bwana hawezi kuridhika na moja. Baada ya muda akaniomba kalamu. Nilidhani anataka kujumlisha bei. Hakujumlisha kitu, aliandika tarehe. Ya kwanza, ya magurudumu, ya baiskeli ya pili. Aliiweka orodha ile fupi mbele yake, na mbele ya kila tarehe akawa ananitajia kitu ambacho mwaka ule waliambiana wasubiri kwanza, mambo hayajakaa vizuri. Nilikuwa nimesikiliza siri za watu kwa miaka, nikidhani najua zinagharimu nini, na hakuna mteja aliyewahi kunitajia hesabu ya namna ile.

Tuliziuza zote mbili kwa thamani yake, kwa mtu mwingine. Yule jirani muungwana alikasirika, jambo lililonieleza kwamba alijua bei tangu mwanzo.

Isije ikafikiriwa kwamba nyumba zote ziko hivyo. Nina mume na mke wanaokuja pamoja, mmoja anapenda baiskeli, mwenzake kamera, na kila mmoja ana fungu lake la mwezi ambalo haulizwi. Akitaka magurudumu ya gharama anasubiri fungu lijae, na wakati mwingine likijaa hamu imeshakwisha. Anaingia kwangu akitaja bei kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja saa. Ni wateja wasio na visa, kwa hiyo sina mengi ya kusimulia juu yao.

Mimi nimeweka utaratibu. Anayetaka kulaza baiskeli kwangu anajaza kadi: namba ya fremu, thamani, na simu ya mtu wa nyumbani wa kupigiwa lolote likitokea. Wengine wakiona mstari huo wa tatu wanakumbuka ghafla kwamba wana nafasi nyumbani. Juzi mteja mmoja aliikalia kadi ile kwa muda mrefu. Akaandika namba ya kaka yake, akaifuta. Akaandika ya ofisini, nikamwambia ofisi si mtu. Mwisho akashusha pumzi, akaandika jina na namba ya mkewe kwa herufi kubwa zinazosomeka, nikataka kumpa mkono. Nikaichukua kadi. Kwenye mstari wa thamani alikuwa ameandika nusu ya bei niliyomuuzia mimi mwenyewe wiki iliyotangulia.

Nikamrudishia kalamu.